Mashimo 32 ya babu

Jumapili nilikuwa Tukuyu kwa babu mzaa mama, aliyekuwa askari wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nikamwomba anifundishe bao. Hakuingia ndani kutafuta ubao. Alichuchumaa chini ya mgomba, akasawazisha udongo kwa kiganja, akachimba kwa kidole gumba mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kisha akanituma niokote vijiwe 64 viwe kete. Ndivyo alivyofundishwa na askari mwenzake kutoka Tanga, na amri ya kuondoka ilipotolewa waliyafukia mashimo kwa buti. Alinifunga michezo mitatu mfululizo. Kete zangu 6 za nyumba, yaani shimo kuu la mchezaji, zililiwa kabla sijaielewa namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete zilizo mkononi.

Tukipumzika, alimtaja Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na sauti yake ikapanda kana kwamba anamwona akikata utepe. Ninatamani sana simulizi hizi ziandikwe wazee hawa wangali hai. Mvua ilipoanza, mashimo yalijaa maji, naye akazikusanya kete mfukoni.