Ninavyopima kompresheni ya injini ya petroli

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kipimo hiki nakifanya injini ikiwa na moto, maana ringi (pete zinazozunguka pistoni) na pistoni zikishatanuka ndipo zinaziba kama gari likiwa barabarani. Moto ukizidi nao una hasara: kwenye silinda hedi ya aluminiamu nyuzi za plagi hukwanguka kirahisi. Napuliza upepo kuzunguka plagi ili mchanga usidondoke ndani, kisha nafungua plagi zote. Ukifungua moja tu, stata inazunguka kwa uzito na namba zinakudanganya.

Natoa fyuzi ya pampu ya mafuta na kuchomoa soketi za koili. Petroli ikiendelea kuingia huosha oili kwenye kuta za silinda, na cheche karibu na mvuke wake si mchezo.

Geji ya kompresheni naikaza kwenye tundu la plagi kwa mkono tu. Raba yake inatosha kuziba. Mwenzangu anakanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kupiga stata mpaka sindano iache kupanda, kawaida mibano minne hadi sita, idadi ileile kwa kila silinda. Hapa ndipo injini nzima nyingi zimehukumiwa bure: throtali, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, ikifungwa hewa haiingii, silinda zote zinasoma chini. Betri dhaifu hufanya vivyo hivyo.

Injini nyingi nzima husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 200, ila kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Mimi natazama zaidi tofauti: ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Ukipata 180, 175, 178 na 120, ya nne inavuja.

Sindano ikianza chini ikapanda kidogo kidogo, nashuku ringi. Ikianza chini na kubaki pale pale, valvu. Ili kuhakikisha, namimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi na kupima tena. Namba ikiruka juu, ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipobadilika, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Oili ikizidi, inajaza nafasi juu ya pistoni na kupandisha namba hata palipooza.

Silinda mbili jirani zikisoma chini pamoja, huenda gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Zikishuka zote sawasawa, na betri ni nzima, kagua kama mkanda wa taimingi, unaopanga muda wa valvu kufunguka, umeruka meno.

Dizeli ina geji yake. Kompresheni yake hupita psi 300, na geji ya petroli haiwezi kuihimili.