Mama aliuliza kama barafu ina miguu

Miaka ile nikiosha vyombo kwenye nyumba ya wageni huko Höfn, kusini-mashariki mwa Iceland, nilimpigia mama Tanga nikamwambia barafu ya huku inatembea. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ina miguu?"

Barafu tuliyoijua nyumbani ni ile ya ukwaju aliyoigandisha kwenye vifuko vya nailoni, nikaiuza shuleni saa nne. Ile haiendi popote, huishia kuyeyuka mkononi.

Ya huku ni mlima mzima. Skálafellsjökull ni ulimi mmoja tu unaoteremka kutoka Vatnajökull, barafuto (tandiko la barafu linalosogea) kubwa kuliko zote Iceland. Siku yangu ya mapumziko nilipanda, nikasikia maji yakinguruma ndani ya ufa wa buluu nisiouona mwisho. Maji hayo huisaidia kutembea. Yakijaa chini, presha yake huinyanyua barafu kidogo kutoka kwenye tope ililolalia, nayo ikateleza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitaka habari za huko chini kabisa. Walianzia Briksdalsbreen, Norwei, kisha mwaka 2008 wakaja Skálafellsjökull. Walitoboa barafu kwa maji ya moto yenye presha, makumi ya mita kwenda chini, wakadumbukiza kidude cha plastiki chenye urefu wa sentimeta 16 hivi. Ndani mna betri, redio, na vipimo vya presha ya maji, joto na namna kilivyoinama. Hakifungwi waya: barafu ikisogea, waya hukatika. Kikiwa huru, kinaburutwa kwenye tope kama kokoto yoyote, na ndivyo kinavyojua kokoto inapitia nini.

Kilichonigusa zaidi ni ukimya wake. Kiangazi barafu hulowa, maji yakameza mawimbi ya redio, na juu hakisikiki. Walishusha masafa ya mawimbi kutoka megahezi 433 hadi 173 ili yapenye vizuri zaidi, lakini bado kidude kinaweza kukaa miezi kimehifadhi vipimo vyake, kikisubiri baridi iikaushe barafu ndipo kisikike. Nilimweleza mama hayo yote hadi salio likaisha.

Desemba akapiga yeye. Hakuanza na habari za nyumbani wala za kazi.

"Vile vitoto mlivyovizika, vimeshasema?"