Ukerewe imeibuka tena ziwani

Usiku wa kuamkia leo, baada ya majuma matatu ya kuhangaika, Ziwa Victoria limekaa mahali pake kwenye ramani yangu ya mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ya Mkoa wa Mwanza, na visiwa vyake vimetokea.

Barabara na majengo kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, viliingia QGIS, programu ya kutengenezea ramani, bila shida; kilichonikwamisha ni maji. Kila nilipopakua mstatili unaoutosha mkoa, mabwawa madogo yalijaa bluu ilhali ziwa lenyewe lilibaki jeupe. Nikaamua kugeuza mistari ya ufuo kuwa poligoni (umbo lililofungwa) na kuunga ncha zilizobaki wazi kwa mstari ulionyooka. Ziwa likajaa kweli, lakini Ukerewe na Ukara zikazama, na mitaa ya Nansio ikawa inaelea juu ya maji. Nilikasirika nikazima kompyuta.

Jibu nililipata nilipoufungua uhusiano wa ziwa (rekodi inayounganisha viungo, yaani vipande vyake vyote) ndani ya JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, ambayo kwa kazi hii naiona inaipita QGIS, kwa sababu inakuonyesha kiungo kwa kiungo mahali pete, yaani mstari wa kuzunguka, ilipokatika. Ziwa hili limechorwa kwa vipande vingi vya ufuo wa Tanzania, Uganda na Kenya, na kila kipande kimeandikiwa kazi yake: cha nje ni ukingo wa ziwa, cha ndani ni ukingo wa kisiwa, yaani tundu katika maji. Mstatili wangu uliviacha vipande vya mbali, pete ya nje haikufunga, na pete isiyofunga haijazwi rangi. Nami nilipoifunga kwa mkono nilizitupa zile kazi, hivyo visiwa vikahesabiwa kuwa maji.

Basi niliomba kupitia Overpass, huduma ya kupakua data za OpenStreetMap, uhusiano mzima kwa namba yake, pamoja na viungo na nukta zake zote, nikaacha poligoni ijengeke kamili, ndipo nikaukata mkoa. Faili ni zito, lakini Ukara imetoka na vighuba vyake.

Nilipanga leo kuhamishia tabaka zote kwenye UTM kanda ya 36 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, ili nipime umbali kutoka mwalo hadi barabara ya lami. Nimeahirisha. Nilipoweka picha ya setilaiti chini ya ufuo niliona sehemu ambazo mstari unapita majini, na nikakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2020. Nimeshaanza kuukagua ufuo, kuanzia Kirumba.