Waziri anashangilia hela ambayo hakuituma yeye

Kila benki kuu ikitoa takwimu za hela zilizotumwa na watu wetu walioko nje, lazima utamwona kiongozi fulani anazisoma kifua mbele, rekodi imevunjwa, makofi tafadhali. Jamani, ile ni mishahara ya watu. Mtu kapiga shifti mbili ugenini, kakatwa kodi ya huko, kalipa chumba, kilichobaki ndo kakituma, sasa serikali inashangilia nini wakati huyo mtu aliondoka kwa sababu kazi hakuna?

Ukubwa wake lakini sio wa kubeza. Mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea zaidi ya dola bilioni 600, tena hizo ni za njia rasmi tu, za hawala za mtaani zisizopita benki na za kubebewa mkononi hujaziweka, na tayari ni zaidi ya mara mbili ya misaada yote ya maendeleo kutoka nchi tajiri. India ilivuka dola bilioni 100 mwaka 2022, ya kwanza kufika hapo. Nepal ni kama robo ya pato la taifa, Tajikistan na Tonga zinazidi theluthi. Na tofauti na misaada, hii haina semina wala posho za kikao, inaingia moja kwa moja kwa mama mwenyewe.

Kuna watu hupenda kusema "aah zinaliwa tu hizo". Kwanza kula sio dhambi, pili sio kweli sana. Kuna utafiti naupenda wa mchumi Dean Yang kuhusu Ufilipino: msukosuko wa fedha wa Asia ulipoanza 1997 Wafilipino walikuwa wametapakaa nchi kibao, na peso, sarafu ya kwao, ilivyoporomoka, aliyekuwa kwenye nchi ambayo sarafu yake imebaki imara akajikuta mshahara ule ule unaleta peso nyingi zaidi nyumbani, mwenzake aliyeko nchi nyingine akapata nyongeza kidogo tu, yaani bahati tupu, hakuna aliyejituma zaidi ya mwenzake. Sasa zile familia zilizobahatika zilifanya nini? Watoto wakabaki shule zaidi, kazi za watoto zikapungua, na watu wakaanzisha vibiashara vyao. Hakuna waziri aliyewafundisha.

Halafu hela hizi huwa hazikimbii shida. Mwezi wa nne 2020 Benki ya Dunia ilitabiri zingeshuka kwa asilimia 20 hivi sababu ya korona, mwisho wa mwaka zilishuka hata asilimia 2 hazikufika. Mwekezaji akisikia nchi inayumba anahamisha mtaji, ila mtu mwenye mama yake pale anapunguza matumizi yake ili atume zaidi.

Ila kwa nchi nzima ndo hadithi inabadilika. Ralph Chami, alipokuwa mchumi wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), na wenzake walilisema hili wazi, kwamba hawajapata nchi inayoweza kudai kwa haki kuwa hela hizi ndo zimeiletea maendeleo makubwa. Sababu mojawapo ni sarafu. Dola zikiingia nyingi sarafu ya ndani inapata nguvu, inasikika vizuri, mpaka uwe wewe ndo unauza mazao nje ukakuta dola ile ile inakuletea kidogo kuliko zamani. Wachumi Amuedo-Dorantes na Pozo walipima nchi 13 za Amerika ya Kilatini na Karibiani wakakuta hela hizi zikiongezeka mara mbili, sarafu kwa thamani halisi (yaani ukihesabu na bei za vitu) inapanda kama asilimia 22. Viwanja navyo vinapanda bei, na familia isiyo na mtu nje inashindana kununua na familia yenye mtu nje, hapo mshindi anajulikana.

Sababu nyingine inaniudhi zaidi, serikali inajisahau. Kama ada analipa mjomba, dawa ananunua dada, nani ataandamana hospitali ikikosa dawa? Anayelalamika kashapoozwa na hela ya ndugu, na yule mwenye nguvu ya kulalamika kashaondoka nchini.

Sasa gharama za kutuma. Afrika kusini mwa Sahara wastani umekuwa unacheza kwenye asilimia 8 kwa kila dola 200, wakati nchi za UN zimekubaliana ifikapo 2030 iwe chini ya 3. Piga hesabu: anayetuma dola 200 kila mwezi anakatwa 16, kwa mwaka 192, karibu sawa na hela yote anayotuma mwezi mmoja, ili wakala afurahi. Na sio ada peke yake, kiwango cha kubadilishia nacho kinakumega kimya kimya, kwa hiyo ukiona tangazo la "tuma bure" angalia kwanza wanabadilisha kwa ngapi.

Hapa ndo serikali ingefanya kazi, maana ni suala la leseni, kuruhusu kampuni nyingi zishindane, na kuacha kumpa wakala mmoja mkataba wa peke yake. Badala yake mambo yanakuja kinyume, Marekani tangu Januari 2026 imeweka kodi ya asilimia 1 kwa hela zinazotumwa nje, na inamgusa anayelipia kwa keshi kaunta. Mwenye akaunti ya benki au kadi ya huko haimhusu, na wasio na akaunti wanajulikana ni kina nani.