Karatasi Namba 17

Juzi binti yangu alikuwa anabana kazi yake ya shule kwa stepla, nikaona karuka namba: baada ya 16, ikaja 18. Nikamwambia abandue, aanze upya. "Kwani namba moja tu ina nini, baba?" Nikacheka peke yangu.

Ilikuwa Chicago, enzi za Wakili. Alishatetea wapangaji mahakamani miaka mingi, sasa anataka kiti katika Baraza la Wawakilishi la Illinois, lile la watu 118 linalokaa Springfield. Kuingia kwenye mchujo wa chama kunataka sahihi 500 za wapiga kura wa eneo lako. Mimi nisingeweza kuzunguka kuzikusanya, maana sheria ya kule inamtaka mkusanyaji awe raia wa Marekani. Nikawekwa mezani na daftari la wapiga kura na kalamu nyekundu.

Anwani iko nje ya mpaka, kata. Jina halimo daftarini, kata. Mke kamwandikia mumewe, mwandiko ni ule ule: ya mume, kata. Ndiyo maana wazoefu hukusanya mara mbili au tatu ya idadi inayotakiwa. Na hata hiyo si kinga. Kwenye mchujo wa mwaka 1996 Alice Palmer, seneta wa jimbo aliyekuwa bado kitini, alipeleka sahihi 1,580 akihitaji 757 tu. Watu wa wakili mmoja aitwaye Barack Obama wakazipitia moja moja, mpaka mama wa watu akajitoa. Sisi, baada ya kalamu yangu, tulibaki na 541.

Usiku wa mwisho notari, yule anayeshuhudia viapo, alikuja na muhuri wake. Chini ya kila karatasi, mkusanyaji huapa kwamba sahihi zote zilitiwa mbele yake. Mzee mmoja akasogeza namba 17, mistari 20, yote safi. Wakili akamuuliza polepole, kama anavyohoji shahidi:

"Mzee, ulikuwepo walipotia sahihi?"

Mzee akaizungusha kofia mkononi. "Niliiacha kwa kinyozi asubuhi. Jioni nikaipitia."

Notari akautua muhuri mezani. Wakili akaitazama ile karatasi kwa muda, kama mtu anayesoma majina ya jamaa zake, halafu akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa koti. Zikabaki 521.

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu: tulikuwa tumeandika namba kwa wino kabla ya viapo. Karatasi sharti zifuatane na zibanwe pamoja, kwa hiyo 18 ikawa 17, 19 ikawa 18, hivyo hivyo hadi saa nane usiku. Siku 5 za kazi za kuweka pingamizi zikapita kimya. Springfield akaenda.

Wale wa kwa kinyozi walikuwa wapiga kura halali, wote 20, niliwakagua mwenyewe. Sidhani kama kuna aliyewahi kuwaambia.