Nilivyoandika wasifu wa baba kutoka kwenye madaftari yake ya ng'ombe

Baba alifariki Jumanne alfajiri na mazishi yakapangwa Ijumaa. Jioni hiyohiyo ndugu zangu waliniita kando wakaniambia wasifu wa marehemu nitauandika na kuusoma mimi. Sikukataa. Lakini usiku ule, baada ya saa mbili za kukaa na kalamu mkononi, nilikuwa na sentensi tatu tu: alizaliwa, alioa, alijaliwa watoto watano. Ya nne niliandika, "alikuwa mfugaji hodari na baba mwenye upendo." Nikaikata. Maneno hayo nimeyasikia misibani mara nyingi mno, na ukiyatazama vizuri huoni sura ya mtu ndani yake.

Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Alitoka nyumbani kabla hatujaamka, akarudi giza limeshaingia akinuka samadi na moshi. Akiulizwa habari za siku, alijibu habari za ng'ombe. Kwa miaka mingi niliamini, na niliumia kimoyomoyo, kwamba mifugo ilikuwa na nafasi kubwa zaidi kwake kuliko sisi. Unamwandikaje mtu ambaye maisha yake yote yalipita zizini na malishoni, mbali na macho yako?

Asubuhi ya Jumatano mama alinikuta bado nimekaa palepale. Akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini kwenye hizo karatasi tupu? Baba yako alikuwa akiandika kila siku. Nenda katazame kwenye sanduku la dawa."

Sanduku la dawa za mifugo nilikuwa nikiliona tangu utotoni, ila halikuwa letu kulifungua. Ndani nilikuta mabomba ya sindano, chupa ya iodini, kamba laini ya kuvutia ndama, na chini kabisa kaunta buku nne zilizofungwa pamoja kwa mpira. Nilizibeba hadi kivulini nikaanza kusoma.

Kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake. Jina, jina la mama yake, rangi na alama, siku aliyopandwa, siku anayotarajiwa kuzaa, chanjo, ndama aliowazaa, na mstari wa mwisho: ameuzwa, amechinjwa, au amekufa. Siku ya kuzaa baba aliipata kwa kuhesabu siku 283 tangu dume lilipompanda ng'ombe, halafu akachora mstari mdogo siku chache kabla na siku chache baada, maana ng'ombe hazai kwa saa. Siku hizo za mistari ndizo alizolala zizini. Tulipokuwa wadogo hatukujua hesabu hiyo. Tulichojua ni kwamba kuna usiku ambao baba hayupo.

Ukurasa wa saba au wa nane hivi nikaona kitu kilichonifanya nivute kiti. Pembeni ya habari za mtamba mmoja mwekundu aliyezaa kwa mara ya kwanza, kwa maandishi madogo, baba alikuwa ameandika: "Mke wangu naye kajifungua usiku huu huu, mtoto wa kike. Wote wazima." Huyo mtoto wa kike ni dada yangu mkubwa. Nikamfuata mama jikoni nikamuuliza, hao "wote" ni ng'ombe na ndama wake, au ni yeye na dada? Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Wote wanne," akasema.

Hapo nikajua nitafanyaje. Nilichukua karatasi kubwa nikaigawa sehemu mbili. Kushoto niliandika ng'ombe, kulia nikatuandika sisi. Maksai wawili wameuzwa; upande wa pili, kaka kaanza sekondari. Ng'ombe wa maziwa kauzwa akiwa bado anakamuliwa, jambo ambalo mfugaji halifanyi ila kwa shida kubwa. Upande wa pili, mama kalazwa hospitali wiki tatu. Tarehe ambazo hakuna ndugu aliyezikumbuka, za kuhama, za ugonjwa, za kujenga nyumba ya pili, zote zilikuwamo, zimejibanza kando ya ng'ombe fulani. Kwa mtu anayetakiwa kuandika wasifu kwa siku mbili, ushauri wangu ni huu: usianze kwa kuwauliza watu "alikuwa mtu wa namna gani." Watakujibu kwa sifa. Tafuta kitu alichokuwa akikiandika au kukihesabu mwenyewe, halafu waulize watu juu ya mstari mmoja mmoja. Mama, shangazi na mzee aliyemchungia baba kwa miaka mingi, wote walifunguka nilipowasomea jina la ng'ombe.

Kulikuwa na usiku mmoja nilioukumbuka mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Ng'ombe alihangaika tangu jioni, na baba akaniamsha nimshikie taa. Kwato mbili zilikuwa zimetokeza, nyayo zimeangalia juu. Baba alinawa mkono kwa sabuni hadi begani, akauingiza, akapapasa, akasema taratibu, "Hii ni miguu ya nyuma. Anakuja kinyumenyume." Akanieleza, kana kwamba tunaongea watu wazima wawili, kwamba ndama wa namna hiyo nyonga zikishapita hapaswi kucheleweshwa, kwa sababu kitovu kinabanwa na kichwa bado kiko ndani. Akafunga kamba, akanipa ncha moja. "Akisukuma tunavuta. Akipumzika tunapumzika." Ndama alipotoka alilala kimya kama gunia lililoloa. Baba alimchokoza puani kwa unyasi mpaka akapiga chafya, tukamsugua kwa majani makavu, tukampaka iodini kitovuni. Hatukurudi kulala mpaka amenyonya dang'a, kwa kuwa ndama huzaliwa hana kinga mwilini. Kinga yake ya kwanza huipata kwenye yale maziwa mazito ya mwanzo, na saa zikipita utumbo wake huacha kuipokea.

Nikatafuta usiku huo daftarini. Ulikuwapo. "Kaja kinyumenyume. Tumemtoa mimi na binti yangu." Hakuandika kwamba nilimshikia taa. Aliandika tumemtoa.

Kila mtoto kwetu alipewa mtamba mmoja alipozaliwa, na kizazi cha mtamba huyo kilihesabiwa kuwa chake. Ada zetu zilitoka humo. Mtamba wangu aliitwa Mawingu, kwa rangi yake ya kijivu, na nilikua nikiambiwa kwamba ng'ombe walionisomesha ni wajukuu zake. Nilipofika ukurasa wa Mawingu niliukuta mfupi. Mstari wa mwisho ulisema: "Amekufa ghafla, damu puani. Kimeta. Hajachunwa, kazikwa. Mtoto asiambiwe. Ndama wa Tausi nimemwandikia yeye."

Nilikuwa na miaka mitatu wakati huo. Tausi alikuwa ng'ombe wa baba mwenyewe, bora kuliko wote, yule ambaye kila mnunuzi alimuulizia. Na mara moja nikakumbuka mahali fulani nyuma ya malisho palipozungushiwa miiba, ambapo tulikatazwa kupita maisha yetu yote ya utoto. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hapasuliwi, kwa sababu vijidudu vyake vikipata hewa hujifungia ganda na kukaa udongoni miaka mingi, vikingoja mnyama mwingine aje kulisha pale. Baba alikuwa akikarabati ule uzio kila mwaka. Mimi nilidhani ni shimo la takataka.

Nililia sana siku ile, zaidi ya nilivyolia Jumanne. Kisha nikamuuliza mama kama nilisome hili mbele ya watu au niliache. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yeye alisema usiambiwe ukiwa mtoto. Sasa umekua. Lisome."

Jambo moja lilinipa shida zaidi. Baba na baba mdogo waliwahi kukosana kwa sababu ya mpaka wa malisho, wakakaa karibu miaka miwili bila kusalimiana. Daftarini kulikuwa na sentensi moja tu: "Leo nimekwenda kwa mdogo wangu." Nilikwenda kumuona baba mdogo, nikamwamkia, nikamsomea. Alitazama chini muda mrefu. "Yaandike yote," akaniambia. "Ila uandike pia kwamba aliyekuja kwanza ni yeye, na yeye ndiye mkubwa."

Kuna mistari ambayo sikuisoma lakini naithamini. Mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui uliotangazwa mwaka 1980, baba aliliandika hilo peke yake katikati ya ukurasa mtupu. Babu yetu aliwahi kubaki bila ng'ombe hata mmoja kwa sababu ya sotoka. Chini yake baba aliongeza maneno mawili: "Baba angesikia."

Alhamisi usiku niliandika wasifu wote kwa mara moja, kurasa tatu. Niliuandika kwa herufi kubwa, nikaacha nafasi mahali nilipojua sauti itanisaliti, nikaenda kuusoma kwa sauti zizini mara mbili. Mara ya kwanza sikufika mwisho. Mara ya pili nilifika, ng'ombe wakinitazama huku wakicheua.

Siku ya mazishi nilisoma vizuri mpaka kwa Mawingu. Hapo maneno yakakwama. Kaka alisimama karibu yangu, hakuninyang'anya karatasi, aliweka tu kidole chake kwenye mstari niliofikia. Nikaendelea: hajachunwa, kazikwa, mtoto asiambiwe. Watu walikuwa kimya. Ndipo yule mzee aliyemchungia baba ng'ombe, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasema kwa sauti bila kuinuka:

"Mawingu alikuwa na baka jeupe usoni. Shimo tulichimba wawili, mimi na yeye, na alikataa tumsukume. Alitaka ateremshwe taratibu."

Nilimwomba mtu penseli. Pale pale, mbele ya watu wote, nikaandika pembeni ya karatasi yangu: baka jeupe usoni, aliteremshwa taratibu. Kisha nikaendelea kusoma.