Siku moja mezani kwa mhariri wa filamu: kuitafuta kemia ya waigizaji wawili

Saa 2:00 asubuhi. Leo nina tukio moja tu la kuhariri: wapenzi walioachana wanakutana tena jikoni baada ya miaka mingi. Mwongozaji analalamika kwamba maneno yapo, ila wawili hawa hawawaki: hakuna kemia, yaani ule mvuto unaoonekana kati yao.

Saa 3:00. Natazama teki zote, yaani kila mara tukio lilipopigwa, kwanza na sauti, kisha bila sauti. Sauti ikizimwa unaona nani anamsikiliza mwenzake na nani anangoja tu zamu yake ya kusema. Kwenye teki ya nne, kidole gumba cha mwanamume kinazunguka ukingo wa kikombe. Mwanamke anakiona. Macho yanamshuka, anakawia kidogo, ndipo anajibu. Hakuna skripti iliyomwelekeza hivyo, na hapo ndipo kemia ilipo.

Wengi hudhani lazima waigizaji wapendane nje ya kamera, au waipende kazi yenyewe. Claudette Colbert hakuipenda hata kidogo filamu ya It Happened One Night ya 1934 alipomaliza kuigiza, na bado yeye na Clark Gable wote walipata Oscar kwa filamu hiyo. Kinachotakiwa ni kusikilizana kwa dhati mbele ya kamera.

Saa 5:00. Naanza kukata upya. Toleo la kwanza lilimwonyesha kila anayesema, huyu kisha yule, kama mpira wa meza. Sasa nabaki na uso wa anayesikiliza. Filamu yetu ina fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde. Nikiongeza fremu 12 kabla ya jibu, ile nusu sekunde inatosha mtazamaji aanze kuwa na wasiwasi.

Saa 7:00. Nakula haraka, narudi.

Saa 7:30. Tatizo kubwa ni picha za karibu za mwanamume. Zilipigwa mwenzake akiwa ameshaondoka, msaidizi akamsomea mistari kando ya kamera. Anatazama panapotakiwa, ila macho hayapokei kitu. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alionyesha zamani kwamba uso uleule ukiunganishwa na sahani ya supu au jeneza, watu husoma hisia tofauti. Ni kweli, lakini ujanja huo hautoshi kwa mapenzi. Mkato unaweza kuilinda kemia iliyopo. Kuizua pasipo na kitu ni shida. Kwa hiyo nategemea shoti pana, wote wawili ndani ya fremu moja.

Saa 10:00. Mwongozaji amefika. Anatazama mara mbili, kisha anaomba muziki uondolewe. Nami namwomba tufute mstari wa "sijawahi kukusahau", maana uso wa mwanamke umeshausema. Tunabishana. Unafutwa.

Saa 11:30. Tumekubaliana picha za karibu za mwanamume zirudiwe, na safari hii mwenzake asimame kando ya kamera mpaka teki ya mwisho. Namwandikia mtayarishaji kumwomba siku ya kupiga.